Kiriba cha Hatuni

Njia ya kwenda Kiizi siwezi kumwelekeza mtu, na anayedai kuijua namshuku. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi ni Mbaruku, fundi wa kuandika vibao vya milango ya ofisi, na kwamba adhuhuri moja ya joto nilikuwa nimeshindwa na kibao. Mwenye kibao alikuwa na vyeo sita, na vyote alitaka vitangulie. Niliviandika kwa herufi ndogo, nikavifuta, nikaviandika kwa herufi ndogo zaidi, mpaka mahali pa jina lake pakabaki kama ukucha. Nikajilaza sakafuni, kichwa juu ya kopo la rangi, nifikirie pa kulibana jina la watu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama katikati ya majani marefu ya rangi ya shaba, upepo unayalaza upande mmoja, na mbele yangu mji mzima wa mahema ya duara, meupe, yametulia kama yaliyoota yenyewe.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni ukimya. Kila kitu cha nchi ile kimetengenezwa kwa sufu ya kondoo: kuta, sakafu, viatu, kofia, hata malango. Sufu yenyewe haifumwi. Huchambuliwa, hutandazwa, hunyunyiziwa maji ya moto, kisha wanawake huiviringisha mbele na nyuma kutwa nzima, mpaka nyuzi zishikane zisiachane tena. Nguo hiyo nene ndiyo kiizi, na nchi ikachukua jina lake. Kwa hiyo hakuna anayesikika akitembea. Watu hutokea tu. Uko peke yako, unageuka, kumbe karani amesimama nyuma yako na daftari. Mwanzoni nilidhani ni adabu. Baadaye nikaelewa kuwa ndivyo serikali yao inavyofanya kazi.

Mtawala wao huitwa Kagani. Siku ya kutawazwa hukalishwa juu ya kiizi cheupe, wakuu tisa wakashika kingo zake, wakamnyanyua na kumzungusha kulifuata jua, mara tisa. Akiwa bado na kizunguzungu, hukabidhiwa nchi. Niliuliza kwa nini wasingoje kichwa kitulie kwanza. Nikajibiwa kwamba hajawahi kupatikana mtu wa kukubali kazi ile kichwa kikiwa kimetulia.

Mke wa Kagani huitwa Hatuni, na hapo ndipo kisa changu kinapoanza. Nimesikia kwamba hata katika dunia yetu hii, kwenye nyika za mbali wanakozungumza lugha za Kituruki, neno kama hilo lilianza kwa malkia, likashuka ngazi kwa ngazi, na mwisho likawafikia wanawake wa kila nyumba. Kiizi nako lilishuka hivyo hivyo. Kagani mmoja wa zamani alimpenda dada wa mkewe, akampa naye neno lile. Kagani aliyemfuata akawapa wake za majemadari. Majemadari wakarudi kwao na zawadi, na zawadi haikosi kugawanywa. Vizazi vikapita. Nilipofika mimi, kila mwanamke aliyekwisha kutandika kiizi chake mwenyewe alikuwa Hatuni, kuanzia mkunga mpaka muuza mtindi sokoni, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeona ajabu ni Idara ya Uchakavu wa Heshima. Imani yao, ambayo hufundishwa shuleni, ni kwamba cheo ni kama zulia: kila kinapotamkwa, unyuzi mmoja hukatika. Kagani mpya alikuwa ameoa, na Idara ilipochunguza cheo atakachopewa bibi harusi, ikakuta kimechakaa vibaya, kimekanyagwa na kila mtu. Ikatolewa amri kwamba wanawake wote wakirejeshe.

Namna ya kukirejesha niliiona kwa macho yangu. Mbele ya ikulu kulitundikwa kiriba kikubwa cha ngozi, ambacho zamani kilikuwa cha maziwa. Wanawake walipanga mstari, nami nilikuta siku ya mwisho. Kila mmoja alipofika alishika mdomo wa kiriba, akakitamkia ndani, mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Hatuni." Karani akafunga mdomo wa kiriba upesi kwa kamba, lisitoke, kisha akamfungulia wa nyuma yake. Aliyekwisha kutia aliambiwa kwamba tangu siku ile ataitwa Yule. Wengine walicheka wakiwa kwenye mstari. Sikumwona aliyecheka akishaondoka. Na yeyote ambaye angelitamka tena, mdomo wake ungefungwa kwa utepe wa kiizi mwezi mzima, ukifunguliwa wakati wa kula tu.

Mkuu wa Idara aliitwa Bektemiri. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyomfika nyusini. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu wasomaji hupenda kumchukia karani. Alikuwa mkweli kupita kiasi, wa kuandika hata makosa yake mwenyewe daftarini, na aliishi peke yake katika hema lililo nyuma ya ofisi. Mjini watu hawakumwita kwa jina. Wakimwona walisema, "Idara inakuja," wakanyamaza. Mgeni kuku mweupe, kwa hiyo mimi alinikamata siku ile ile. Alipojua kazi yangu akafurahi kwa namna yake, yaani aliandika mistari miwili. Ikulu ilihitaji kibao cha mlango wa bibi harusi, nami nikapewa kazi hiyo na mahali pa kulala, kwa mtengeneza kiizi mmoja aitwaye Altinai.

Altinai alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, mabega mapana, viganja vyekundu kwa maji ya moto. Sikujua nimwiteje. Kumwita Yule mtu anayekupa uji naona ni utovu wa adabu. Nikamwita dada.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza.

Nikamweleza kwamba kwetu ni neno la kumwitia mwanamke ambaye huenda hata hamkuzaliwa pamoja.

"Zuri," akasema. "Lifiche, wasije wakalisikia."

Ndani ya hema, kwenye kitanda kilicho mkabala na mlango, alilala mama yake. Alikuwa kikongwe mdogo, mweupe wa nywele, mwanga wa tundu la paa ukimwangukia usoni. Macho yalikuwa wazi na hayakutazama kitu. Altinai alikaa kando yake na bakuli la uji wa mtama uliotiwa maziwa. Alikigusisha kijiko kwenye midomo ya mama yake, midomo haikufunguka. Akakirudisha bakulini. Akakileta tena.

"Alianza kusahau majina ya kondoo," akaniambia bila kugeuka. "Kisha ya wajukuu. Kisha langu. Mwaka wa tatu sasa hajui kama mimi ni mwanawe. Jina lake mwenyewe ukimtajia, anatazama mlangoni kumtafuta mwenye jina. Neno moja tu ndilo lililobaki. Ukimwita kwa lile, anageuka, anafungua mdomo, kijiko kinapita. Ndivyo nilivyomlisha miaka yote mitatu."

"Na sasa?"

"Sasa siku ya pili hajala."

Nikamwambia amwite taratibu, mimi nisimame mlangoni nilinde. Altinai akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mpumbavu. "Mgeni, unadhani naogopa utepe? Sina tena lile neno. Nimeshalitia kiribani. Nilijaribu jana, mdomo ukafunguka, hakuna kilichotoka."

Na kweli alijaribu mbele yangu. Alifungua mdomo, shingo ikakaza, mishipa ikatoka, na kilichosikika ni pumzi tu. Watu wa Kiizi wana kosa hilo ambalo sijaliona kwingine: wakiambiwa na serikali kwamba kitu kimechukuliwa, kinachukulika kweli. Nilitaka kucheka, lakini yule kikongwe alikuwa hapo, mashavu yameingia ndani, nikaona aibu.

Mimi sikuwa nimetia kitu kiribani. Neno nilikuwa nalo. Naandika waziwazi kwamba kutwa nzima niliogopa kulitoa, kwa kuwa utepe wa kiizi niliuona kwenye mdomo wa muuza mtindi aliyechelewa kufika kiribani, na kwa kuwa nilikuwa na kazi ya ikulu. Kesho yake tu, Altinai alipotoka kuchota maji, niliinama sikioni mwa bibi nikamnong'oneza, "Hatuni." Hakugeuka. Nikarudia kwa sauti zaidi. Bado. Altinai aliporudi nikaungama. Hakukasirika. Aliniambia kwamba kwao neno lile ni la mwanamke kumwita mwanamke. Mwanamume hulitumia akiwa nje ya mlango, naye mwenye nyumba anaposikia sauti ya mwanamume hujua ni mambo ya kondoo, hana haja ya kugeuka.

Siku hiyo hiyo akaenda kuomba msamaha wa amri mbele ya Baraza la Vyeo. Hakudai mengi. Aliomba arudishiwe neno lake moja, atoe ahadi kwamba atalitamka ndani ya hema tu, kwa mama yake tu, wakati wa chakula tu.

Baraza hukaa katika hema kubwa kuliko yote. Kagani haji, yeye huwakilishwa na kipande cha kile kiizi cheupe alichonyanyuliwa. Nyuma ya pazia huketi mke wake, ambaye kwa desturi husikiliza kesi zote bila kusema neno. Asubuhi nzima iliishia katika kusoma vyeo vya wajumbe, kwa maana kikao hakihesabiki kuwa kimeanza mpaka kila mjumbe asomewe vyeo vyake vyote akiwa amesimama. Mjumbe mmoja alisinzia wakati wa vyake, ikabidi vianzwe upya. Mimi, fundi wa vibao, nilisikia raha kidogo, nakiri. Kisha nikakumbuka kijiko kinachorudi bakulini, raha ikaniisha.

Mchana likaulizwa swali ambalo kwao ndilo la msingi: neno hili lilitoka wapi? Kwani, alisema mwenyekiti, mali hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hujulikana kwa asili.

Msomi wa kwanza alikuwa na shanga za kaharabu, akizibonyeza kila alipotaja karne. Alithibitisha kwamba neno halikuzaliwa Kiizi hata kidogo. Lilikuja na wafanyabiashara wa hariri kutoka miji ya machweo, ambako lilikuwa jina la mke wa bwana wa mji. Likashuka mgongoni mwa ngamia pamoja na vioo na zabibu kavu. Hivyo ni bidhaa ya nje, na bidhaa ya nje isiyo na mwenyewe ni ya ikulu. Msomi wa pili akaruka kama aliyechomwa. Alisema huo ni uzushi na ni kujidharau. Neno lilizaliwa papa hapa, kutoka ubavuni mwa cheo cha Kagani mwenyewe, kama mtoto wa farasi kwa mama yake. Hivyo nalo ni la ikulu. Walirushiana maneno mpaka jua likahama upande wa pili wa tundu la paa. Nikaona kwamba wasomi wanaweza kugombana kutwa kuhusu zizi alikozaliwa kondoo, na mwisho wakakubaliana kabisa kwamba nyama ni ya mkubwa.

Ndipo Altinai akaitwa.

"Wewe, Yule," akasema mwenyekiti, "neno hili ulilipata wapi?"

"Kwa mama yangu, mzee."

"Na mama yako?"

"Kwa mama yake."

"Na huyo?"

"Huyo sikumkuta. Alishakufa."

Bektemiri akaandika, akisoma kwa sauti ndogo kama ilivyo kawaida yake: shahidi hana ushahidi wa asili.

"Wazee wangu," Altinai akasema, na sauti yake ilijaa hema lile lisilojua mwangwi, "mimi asili siijui. Najua linavyofanya kazi. Mtu analegea, unamwita, anarudi. Mama yangu leo siku ya tatu hajala. Kama neno ni la Kagani, mwambieni Kagani naliazima. Mama akishafariki nitalirudisha, na sidhani kama atanikawiza."

Wajumbe walitazamana. Naamini baadhi yao waliguswa, kwa sababu walianza kukunja na kukunjua pindo za mavazi yao. Lakini mtu akishasimama kusomewa vyeo tisa, huruma inakuwa na ngazi ndefu ya kushuka. Uamuzi ukatolewa kwamba itaundwa tume ya kutafuta asili, ikutane baada ya kondoo kukatwa sufu za msimu ujao. Kwa sasa kikongwe afundishwe neno lingine. Baraza lilipendekeza Yule.

Altinai hakulia pale. Alirudi nyumbani, akatia maji motoni, akatandaza sufu, akaanza kuviringisha kiizi. Nikamuuliza cha nini, mbona hakina oda.

"Cha mama," akasema. "Mtu hazikwi bila kiizi. Nianze mapema, nisije nikafanya vibaya kwa haraka."

Sikuweza kukaa. Nilichukua brashi yangu nikaenda ikulu kumalizia kibao, kwa sababu mtu akishindwa kusaidia hukimbilia kazi. Kibao kilikuwa cha mti mweupe, kizuri, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na kilihitaji neno moja tu. Hata hivyo nilikuwa nimekatazwa kuliandika, maana kusomwa nako ni kuchakaza. Nilitakiwa nipake rangi ya dhahabu kibao kizima, kibaki kitupu, ili waingiao wajue kuna cheo kikubwa hapo kisichosomeka. Nilikuwa napaka nilipomsikia mtu akizungumza upande wa pili wa pazia la mlango.

"Fundi. Umeandika nini?"

Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini, si zaidi. Nikajibu kwamba sijaandika kitu, ndiyo amri.

"Nilijua," akasema. "Kwenu mtu akimtaka mkewe aje, anafanyaje?"

"Anamwita, bibi."

"Kwa nini?"

Sikuelewa.

"Kwa neno gani, nauliza. Mimi jina langu lilizikwa chini ya jiko siku ya harusi, ndiyo desturi. Mke wa Kagani hana jina. Hupewa cheo. Na cheo changu kilingojwa kikusanywe, sasa kiko kwenye kiriba, jana jioni wamekitundika juu ya kitanda changu. Kitafunguliwa mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe, kisichakae. Mwezi wa pili huu tangu harusi. Vijakazi wakinitaka wanakohoa. Mume wangu naye anakohoa. Mimi ni mtu wa kukoholewa, fundi."

Nilitamani kusema jambo la maana. Nikasema pole.

"Yule mama aliyekuwa barazani," akaendelea. "Nilimsikia. Mama yake anakaa wapi?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Mimi ni mwoga, nimeshasema. Lakini nilikiona tena kiizi kile kikiviringishwa, kidogo, cha kimo cha bibi. Nikasema, "Nitakupeleka."

Alitoka amebeba kiriba begani kwa kamba yake, kama mwanamke yeyote anayetoka kisimani. Alikuwa mfupi, mwenye mafua, pua nyekundu kwa upepo. "Wametia humu wanawake maelfu," akaniambia. "Mmoja akichukua lake, hakitapungua." Tulipita katikati ya mji mchana kweupe. Kila tulipopita watu waliinama, na kila aliyeinama alikohoa, ukaenda ule mkondo wa kikohozi mbele yetu kutoka hema hadi hema. Ilikuwa kama ndoto ndani ya ndoto: nyumba nyeupe, nyasi zinalala na kuinuka, na nchi nzima inakohoa kwa heshima.

Altinai alipoona ni nani, alipiga magoti na mikono yake yenye povu. Mke wa Kagani hakumngojea amalize. Alipiga goti naye, akaweka kiriba katikati yao.

"Fungua," akasema. "Chukua lako."

Wakakifungua pamoja, vidole vya wote wawili kwenye fundo moja. Kamba ikaachia. Altinai akakisogeza mdomo wa kiriba sikioni mwa mama yake, akakiminya polepole, kisha kwa nguvu. Kilitoa hewa kidogo na harufu ya mtindi wa zamani. Hakikutoa kingine. Altinai akakigeuza, akakitikisa, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa mtupu ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, na zile kuta za sufu zikaimeza yote.

"Wameyapeleka wapi?" alikuwa akiuliza. "Maneno yetu wameyapeleka wapi?"

Mke wa Kagani alirudi nyuma hadi mlangoni, kiganja mdomoni. Mlango alikuwa ameuacha wazi, na upepo uliingia ukamgusa bibi usoni. Kikongwe akakunja uso. Macho yake yalizunguka taratibu, yakamwona msichana aliyesimama kwenye kizingiti, pua nyekundu, hana pa kuweka mikono.

"Hatuni," bibi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu lakini ya mwenye nyumba. "Ingia basi. Funga mlango, baridi."

Mimi nilikuwa namtazama yule msichana. Miezi miwili hajaitwa na mtu. Nimewahi kuona watu wakipandishwa vyeo. Nimewaandikia vibao wengi siku yenyewe, rangi haijakauka wanakuja kuvishika. Sijawahi kumwona mtu akipokea cheo kama alivyokipokea yule. Uso ulimfunguka, akafunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili, kama alivyoagizwa.

"Abee," akasema. "Abee, Hatuni."

Bibi akageuka kabisa, kwa shingo na mabega. Alimchunguza mgeni wake toka kichwani hadi miguuni. "Umekula?"

"Sijala."

"Hata mimi," bibi akasema, kana kwamba jambo hilo limemshangaza. "Basi tule."

Altinai aliruka kwenye bakuli. Kwa pupa akaumwaga uji kidogo, ikabidi mke wa Kagani ashike kijiko. Alimpa bibi kijiko kimoja, akala mwenyewe kimoja, kwa kuwa bibi alikataa kula peke yake mbele ya mgeni. Hivyo walikwenda, mmoja wako mmoja wangu, mpaka bakuli likaonyesha chini. Altinai alikaa sakafuni ameushika mguu wa mama yake juu ya blanketi. Mimi nilitazama tundu la paa, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Nilipotazama chini, Bektemiri alikuwa ndani. Sijui aliingia lini. Nimeeleza viatu vyao vilivyo. Daftari lilikuwa wazi, kalamu iko tayari. Alituinamia wote kwa utaratibu wa vyeo, mimi nikiwa wa mwisho. Kisha, kwa sauti isiyo na hasira wala furaha, akasema kwamba amesikia neno likitamkwa mara mbili, na sheria inamtaka aandike jina la kila aliyetamka. La mke wa Kagani halipo, hivyo ataacha nafasi. Akasogea kitandani, akainama kwa kikongwe.

"Jina lako, tafadhali."

Bibi alimtazama kwa makini. Alimwona mtu mrefu aliyekonda, mwenye kofia hadi kwenye nyusi, amesimama ndani ya nyumba yake wakati wengine wanakula. Katika kichwa chake lilikuwemo neno moja la kumwitia mtu, na hakuwa na sababu ya kumnyima.

"Na wewe, Hatuni," akasema, "mbona umesimama? Keti upate uji."

Altinai alifumba macho. Nilitarajia kofia ile itikisike, kalamu iandike. Bektemiri alibaki ameinama. Kisha alivua kofia, jambo ambalo sikumwona akilifanya hata barazani, na kichwa chake kilikuwa na upara wa kawaida wenye alama ya ukingo. Akasema jambo kwa sauti ndogo mno, nami sikulipata. Akaketi. Altinai akamjazia bakuli.

Kesho yake alifika mwenyewe mbele ya Baraza, kwani hakuwa mtu wa kuficha kosa. Vyeo vikasomwa. Mke wa Kagani alikuwa mahali pake nyuma ya pazia, na leo pazia lilikuwa limesogezwa shibiri moja. Bektemiri akatoa taarifa kwamba neno limetamkwa mara tatu katika hema la mtengeneza kiizi.

"Mara ya kwanza aliitwa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mke wa Kagani. Ni lake. Hakuna kosa."

"Mara ya pili?"

"Kikongwe. Ameitwa na mke wa Kagani, mwenye mali. Mwenye mali hutoa apendavyo."

Mwenyekiti akaridhika. Wasomi wawili wakaanza kunong'onezana, wameona nafasi ya kugombana. "Na mara ya tatu?"

Bektemiri alifungua daftari, akalitazama, akalifunga.

"Mara ya tatu aliitwa nani, Idara?"

"Mimi."

Mjumbe aliyekuwa akisinzia aliamka. Mwenyekiti aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza nilimwona akizungumza kama mtu anayetaka kujua jibu.

"Ukaitika?"

"Niliitika," Bektemiri akasema, kisha akaomba ruhusa aondoke mapema, kwa kuwa alikuwa akingojwa kwa chakula.